Tupeni nembo tuwavishe mashabiki: barua ya wazi kwa wakuu wa kandanda Mombasa

Kwa viongozi wa vilabu vya kandanda vya Mombasa, kwa wasimamizi wa mchezo huu hapa Pwani, na kwa maafisa wa michezo, utamaduni na biashara katika kaunti yetu.

Waheshimiwa, assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote.

Mimi ni fundi wa kuchapa, mwenye duka dogo mtaa wa Majengo. Kazi yangu ni kuandika majina ya watu juu ya vitu wanavyovipenda: jezi, vikombe, mito ya makochi, kofia, fremu za picha, vishikio vya funguo. Wateja wangu wengi ni wapenzi wa mpira, na wengi wao hawajinunulii wenyewe, wanamnunulia mtu. Nawaandikia kuomba jambo moja. Tupeni sisi mafundi wa Mombasa ruhusa ya maandishi, kwa ada tunayoiweza, ya kutumia nembo za timu za Mombasa kwenye zawadi na kumbukumbu za mashabiki wake.

Njooni dukani siku za kukaribia Idi, au miezi ya harusi. Mtakuta jezi za Arsenal, Chelsea, Liverpool na Manchester United zimepangwa mezani, kila moja na karatasi yake: hii iandikwe jina la mtoto, hii lakabu ya kijana wa maskani, hii jina la bwana harusi na tarehe ya nikaha. Siku hizi za Simba na Yanga nazo zimeongezeka, maana Tanga si mbali na mabasi hayalali. Mteja huja na jezi yake, mimi naongeza jina na namba. Nembo ya watu siichapi.

Kisha huja mpenzi wa Bandari, timu ya hapa Mombasa, anayeuliza, "Ya Bandari huna?" Mara nyingi ni mtu mzima, amefanya kazi Kilindini au babake alifanya, na siku ya mechi humkosi Mbaraki, uwanja wa Bandari. Anataka kitu cha kumpa mwenzake anayestaafu, au mjukuu aliyeanza shule. Namwambia sina. Wapo wanaonishauri nichape tu, nani atanifuata Majengo kwa kikombe kimoja? Nakataa. Nembo ya klabu ni mali ya klabu. Kuna Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, na kuna Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 iliyounda mamlaka yake kamili. Fundi akikamatwa na mali ghushi hupoteza mali hiyo, na huweza kupoteza mashine na uhuru wake. Lakini hata sheria isingekuwapo, ningeona haya kujipatia riziki kwa jina la timu ninayoipenda bila timu yenyewe kupata hata senti.

Kwa hiyo sheria siilalamikii. Ninalolalamikia ni kwamba mlango wa halali haupo. Nilikwenda kwa kiongozi wa klabu moja hapa mjini, sitaitaja, kuuliza namna ya kupata idhini. Alinisikiliza kwa upole, akaniambia jambo hilo halina mtu wala fomu. Sikupewa jibu la hapana ambalo ningeweza kulijadili. Shabiki naye hangoji. Akikosa ya nyumbani hununua ya Uingereza, na anayepata mtaji wa kununua robota la jezi bandia huleta zile ambazo soko linazijua tayari.

Mombasa si mji mgeni katika mpira. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963, na mwaka 1965 bingwa alitoka hapa: klabu ya Feisal. Wazee wanapotaja jina la Ali Kajo, mchezaji wa enzi hizo, sauti zao hubadilika. Juzi tu, mwaka 2019, Bandari waliifunga Kariobangi Sharks wakatwaa ngao ya shirikisho la kandanda la Kenya, kama walivyokuwa wameitwaa mwaka 2015. Ngao hiyo ikawapeleka Kombe la Shirikisho la Afrika, wakawatoa Al-Ahly Shendi wa Sudan, wakawatoa Ben Guerdane wa Tunisia, hadi Horoya wa Guinea walipowasimamisha. Mechi zao za nyumbani walizicheza Nairobi. Timu ya bandarini imevuka mipaka, na watu waliokuwa wakiishangilia Mbaraki wakaifuata kwa redio na simu.

Nionesheni nyumba moja Kisauni, Likoni au Changamwe yenye kitu cha safari ile ukutani. Skafu yenye majina ya timu mbili na tarehe, au kikombe cha chai tu. Mimi hupita nyumba nyingi kupeleka kazi, sijakiona. Ukuta ule ule una picha ya Anfield, uwanja wa Liverpool.

Nataka nikae kidogo kwenye hili la jina, kwa sababu ndilo biashara yenyewe. Huko Uingereza wachezaji walikuwa wakivaa namba moja hadi kumi na moja kulingana na nafasi zao uwanjani. Msimu wa 1993/94 Ligi Kuu yao ikaweka majina mgongoni na namba ya kudumu kwa kila mchezaji. Tangu hapo jezi haikuwa tena nguo ya timu tu. Mtoto alitaka ya mchezaji fulani, na baadaye akataka yenye jina lake yeye mwenyewe, na klabu zikagundua kwamba watu hulipa zaidi, kwa furaha, kwa herufi chache za plastiki. Kwao imekuwa idara nzima: mablanketi ya watoto wachanga, kalenda, vitabu vya hadithi ambamo mtoto anasajiliwa na timu. Nje ya uwanja wa Arsenal, mashabiki walinunua mawe ya sakafu yaliyochongwa majina yao na ya wazazi wao waliokufa. Mtu anakwenda kwenye mechi akiwa amekanyaga jina la babake kwa heshima, na anamwonesha mwanawe.

Sisi watu wa Pwani jambo hili tungelifanya vizuri kuliko wao. Hapa mtu ana jina la ukoo, jina alilopewa na nyanya yake, na lakabu ya maskani ambayo ndiyo inayojulikana na wengi. Nimewahi kuandika jezi ambazo jina la mgongoni lilikuwa lakabu ya mzee aliyekuwa kipa mtaani enzi zake, na wanawe ndio walionieleza namna ya kuliandika. Zawadi ya namna hiyo haitupwi. Jezi ya mchezaji wa Ulaya inazeeka akihama timu, ila jezi yenye jina la babako itahamia wapi?

Na tazameni mafundi walioko hapa. Biashara Street peke yake ingetosha. Pale pana duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, na leso zake zimekuwa zikipigwa alama ya "Mali ya Abdulla" ili mnunuzi ajue anachonunua. Alama hiyo mama zetu wameitafuta kwa macho kabla ya kutoa pesa. Basi msiniambie kwamba wazo la nembo halali, yenye mwenyewe na yenye kuaminika, ni geni kwa Mombasa. Mama asiyejua kusoma hati ya kisheria anajua kutofautisha leso ya kweli na ya kuigiza.

Leso ina pindo, ina mji, yaani pambo la katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Ukitafuta nguo duniani iliyotengenezwa tayari kwa ajili ya shabiki wa timu, hutapata inayoizidi. Pindo libebe rangi za klabu, mji ubebe kreni na meli, na jina liseme la kusema. Mimi ningeandika: "Maji hupwa na kujaa, Mbaraki hatuhami." Wapo watunzi wa majina ya leso wanaonizidi mbali, waulizeni. Leso nyingi huchapwa India kwa mafungu makubwa, hivyo fundi kama mimi hawezi kuagiza. Hapo panahitaji klabu na mfanyabiashara wa Biashara Street wakae meza moja. Doti ikishafika, sisi wa cherehani tutatia jina la mwenyewe kwenye kona kwa uzi, moja moja, kadiri wanavyokuja.

Nasema haya nikiwafikiria wanawake hasa. Wako Mbaraki, wako mbele ya televisheni, wako jikoni redio ikiwa juu ya kabati, na ndio wanaofua jezi za timu nzima za mitaani. Kinachouzwa kwa shabiki kimekatwa kwa umbo la mwanamume. Dada akitaka kuivaa timu yake aivae shati la kakake. Doti moja ya leso ingewapa nguo waliyoizoea, wanayoweza kuivaa nyumbani, harusini na uwanjani, na kumfunikia mtoto.

Pana pia kofia za vito, zinazoshonwa kwa mkono tundu kwa tundu. Pana wachongaji wa Kikamba pale Changamwe, wenye chama chao cha ushirika tangu miaka ya sitini, ambao mikono yao inaweza kumtoa mshambuliaji kwenye mpingo jinsi inavyomtoa twiga. Pana karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza vito, mikoba ya ngozi na nguo zinazonunuliwa na wageni kutoka pande zote. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayehitaji kufundishwa kazi. Wanahitaji kuambiwa: nembo ni hii, rangi ni hizi, ruhusa yako ni hii.

Kuhusu rangi nitasema kama fundi, mnivumilie. Mtu akitaka nembo ya timu ya hapa, leo huipata kwa kupiga picha ya simu kwenye mtandao au kwenye bango. Picha hiyo ni ndogo. Ukiikuza ifike ukubwa wa kifua, kingo zinavunjika vipande vipande kama ngazi na maandishi ya ndani hayasomeki. Rangi nayo: buluu ya kioo cha simu si buluu ya wino, na buluu ya wino si buluu ya kitambaa baada ya joto. Ndiyo maana kila kibanda kina buluu yake, na shabiki wakikaa kumi pamoja utadhani ni timu tatu. Klabu ingetoa faili moja safi la nembo, linalokuzwa bila kuharibika, pamoja na namba za rangi zake, tatizo hili lingekwisha kwa siku moja. Gharama yake ni kazi ya mchoraji mmoja.

Wino wa sablimesheni ndio tunaoutumia sana. Unachapwa kwenye karatasi, kisha mashine ya joto, karibu nyuzi 200 za Selsiasi, inaugeuza mvuke ukaingia ndani ya uzi. Unashika poliesta, pamba haiushiki, na kitambaa lazima kiwe cheupe au chenye rangi nyepesi, kwa kuwa wino huo haufuniki rangi iliyo chini yake. Hapa kwetu pwani hewa ina unyevu, kwa hiyo fundi makini huipiga nguo pasi kwanza kuutoa, la sivyo picha hutoka na madoa. Fulana za pamba zina njia nyingine, za skrini au za kubandika kwa gundi ya unga. Nataja haya ili mjue kwamba mkitoa ruhusa mnaweza kuweka masharti ya ubora yanayopimika: jina lisibanduke likifuliwa, kikombe kisichubuke, jezi ya mtoto isiwe na kitu kinachokwaruza shingo. Fundi alete sampuli, mwikague, mwikubali au mwikatae. Atakayeharibu baada ya kukubaliwa anyang'anywe ruhusa.

Najua hofu ya viongozi wa vilabu. Klabu ndogo ikiagiza jezi elfu moja kutoka China na zisiuzike, msimu ujao zimelala stoo na pesa zimelala nazo. Mchezaji ambaye jina lake lipo mgongoni keshahamia timu nyingine kabla katoni hazijafunguliwa. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu kitu chenye jina la mnunuzi kinawafaa nyinyi zaidi. Hakitengenezwi mpaka kiagizwe. Mteja analipa kwanza, fundi anachapa, kitu kinaondoka. Hakuna stoo. Tuseme kikombe kinauzwa shilingi 600 na klabu inachukua asilimia 10. Hizo ni shilingi 60 kwa kila kikombe, na klabu haikununua kikombe, haikununua wino, haikulipa umeme. Pesa hizo hazitalipa mishahara ya timu, sitawadanganya. Zitalipa maji ya wachezaji, mipira ya vijana wa chini ya miaka kumi na saba, nauli ya timu ya wasichana. Na kwa klabu inayomtegemea mdhamini mmoja, shilingi inayotoka kwa shabiki mwenyewe ina uzito wake.

Majirani wamekwisha kuona. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 ni vilabu vya wananchi hasa, na kwa muda mrefu jezi zao zilichapwa na kila mwenye mashine. Mwaka 2021 Simba walitoa zabuni ya jezi kwa mfanyabiashara wa nchi yao, Vunja Bei. Leo siku ya kuzindua jezi mpya Dar es Salaam ni sherehe yenye mashabiki wake. Kinachonipendeza si ukubwa wa pesa. Ni kwamba mwenye nembo alijitokeza akasema nembo hii ni yangu, anayetaka kuitumia aje tuzungumze. Sisi tungeenda hatua ya mbele: badala ya kumpa tajiri mmoja kila kitu, gawanyeni. Jezi rasmi ya timu apewe mmoja mwenye uwezo. Vikombe, leso, kofia, vinyago, skafu na zawadi za majina waachiwe mafundi wadogo waliosajiliwa, kwa ada ya mwaka ambayo mwenye kibanda Mwembe Tayari anaweza kuilipa. Mkitoza ada ya tajiri, mtabaki na tajiri mmoja na bandia mia.

Wachezaji wasisahaulike. Jina la mchezaji ni lake, na zawadi ikiuzwa kwa jina lake au sura yake apate sehemu, iliyoandikwa kwenye mkataba wake. Wengi wao kazi yao ya uwanjani ni fupi na mshahara ni wa kubahatisha. Na watoto wa akademia picha zao zisichapwe bila idhini ya wazazi, hata kama klabu imeruhusu nembo.

Sasa nigeukie kumbukumbu, jambo linalonikosesha usingizi kuliko mauzo. Kijana mmoja aliniletea picha nyeusi na nyeupe, timu imesimama safu mbili, wa mbele wamepiga goti, mpira katikati. Alitaka iwekwe kwenye fremu yenye majina chini, ampe mamake. Babu yake alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Nikamuuliza, na hawa wengine? Hakujua. Alizunguka Kibokoni na Majengo akiuliza wazee, akarudi na majina machache, mengine ya lakabu tu. Fremu ikatoka na nafasi tupu chini ya nyuso za watu waliowahi kujaza viwanja. Mchwa walikuwa wamekwisha kula pembe moja ya picha, na pembeni hapo palikuwa na mtu.

Picha kama hizo ziko masandukuni mji mzima. Medali, vikombe vya bati, vitambaa walivyobadilishana manahodha, viatu, vipande vya magazeti. Mwenyewe akifa, wajukuu husafisha chumba na vyuma huenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Bingwa wa Kenya wa mwaka 1965 alikuwa wa mji huu, na mtoto wa shule akitaka kuona kitu kimoja cha timu ile sijui nimwelekeze wapi. Fort Jesus tunayo, ni makumbusho, na tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni huoneshwa mizinga ya Wareno na vyungu vya China. Chumba kimoja, au hata ukuta mmoja, wa kandanda ya Mombasa ungepata wageni wake, na ungewapata wenyeji ambao hawajaingia ngomeni tangu safari ya shule.

Maafisa wa utamaduni, kazi hii ni ya kwenu na haigharimu sana. Tangazeni siku, watu walete picha na medali zao, zipigwe nakala, zirudishwe kwa wenyewe hapo hapo. Mwiteni kila mzee aliyecheza aketi na kijana wa kuandika, ayataje majina ya walio pichani angali anayakumbuka. Baada ya hapo, kwa idhini ya familia, sisi mafundi tunaweza kutengeneza jezi za zamani, kalenda, vikombe vyenye vikosi vya miaka hiyo, na familia zipate fungu lao. Mjukuu atakuwa na zawadi ya kumpa mamake yenye majina yote. Hili lisicheleweshwe kwa vikao, kwa sababu wanaojua majina wana umri mkubwa.

Uwanja wa Manispaa nao, ambao ujenzi wake mpya umechukua miaka, una kuta na njia zitakazohitaji kumaliziwa. Uzeni mawe. Sisi watu wa nyumba za mawe ya matumbawe tunajua kuchonga. Kila shabiki anayetaka alipie jiwe moja, liandikwe jina lake, la babake, la timu ya mtaa wake iliyokwisha kufa, na lijengwe kwenye ukuta wa kuingilia. Mwenye kidogo achangie na jirani zake jiwe moja la maskani nzima.

Kwa wa biashara nina neno fupi. Siku ya mechi turuhusuni meza langoni. Kwenye uwanja mmoja hapa mjini nimefukuzwa na meza yangu ya majina nikiwa na leseni mkononi, na muuza jezi bandia za Ulaya akabaki hatua chache nje ya ukuta. Mwenye ruhusa ya klabu apewe nafasi inayojulikana, alipie kwa siku, na askari waambiwe mapema.

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Mechi zikichezwa kwingine, wageni wengi watashuka kuona bahari, kama wanavyofanya siku zote. Mgeni mpenda mpira hununua kumbukumbu ya mpira popote aendako. Mkiwa mmekwisha kupanga, atarudi Dakar au Casablanca na leso ya Bandari yenye jina la mkewe kwenye kona. Msipopanga, atanunua jezi ya Arsenal aliyoiacha kwao.

Ninayoyaomba nayakusanya ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Kila klabu imteue mtu mmoja anayeshughulikia nembo, jina lake na simu yake ya ofisi vibandikwe mahali pa wazi. Kama nembo haijasajiliwa kwenye taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, isajiliwe. Liwepo faili la nembo na namba za rangi. Iwepo fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye ada, asilimia ya klabu, masharti ya ubora na sababu za kunyang'anywa ruhusa. Iwepo stika au lebo ya klabu ya kubandikwa kwenye kila kitu halali, ili mnunuzi ajue. Kaunti isaidie kuwaita mafundi na vilabu kwenye kikao kimoja, kifanyike kabla ya msimu ujao kuanza.

Mafundi wenzangu wa Majengo, Mwembe Tayari na Kongowea niliozungumza nao wako tayari kuleta sampuli kwenye kikao hicho, kwa gharama zetu. Tuambieni siku na mahali.

Wenu katika mchezo,

Fundi wa kuchapa na shabiki wa Mbaraki,
Majengo, Mombasa